Somo la Tano: Mtu wa Mikosi, au Buti Lililopasuka?

Si vigumu, katika vijiji vya Naipingo na katika ukanda mzima wa Nachingwea na Ruangwa, kumkuta mtu ambaye jamaa zake humwita mtu wa mikosi. Mwaka juzi alijikata na panga wakati wa palizi. Mwaka jana alianguka kutoka juu ya mwembe. Mwaka huu, msimu wa korosho ulipoanza tu, aliumwa na nyoka alipokuwa akiokota. Watu humhurumia, wengine humcheka, na wazee huanza kuulizana kama hajafanyiwa jambo. Yeye mwenyewe, baada ya kuambiwa hivyo kwa miaka kadhaa, huamini.

Somo hili linahusu majeraha yanayowapata watu nje ya nyumba: shambani, porini, juu ya miti na njiani. Huenda msomaji akajiuliza jambo hilo limefikaje katika kijitabu cha mlaji. Limefika kwa sababu kati ya mwili wa mtu na jeraha lake, mara nyingi sana pana kitu kilichonunuliwa dukani au gulioni, ama kitu kilichopaswa kununuliwa na hakikununuliwa. Yule tuliyemtaja hapo juu ni mfano tu, lakini tukimchunguza tutaona kwamba panga lake lilikuwa na kipini kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kwamba alikuwa akiokota korosho akiwa amevaa yeboyebo. Neno mkosi halituelezi lolote kuhusu kipini wala viatu. Hiyo ndiyo hasara yake kubwa: linafunga uchunguzi kabla haujaanza. Fedha ambazo zingenunua jozi ya mabuti huenda kwa mganga, na jirani mwenye panga la namna ileile hajifunzi kitu, kwa kuwa yeye hajioni kuwa mtu wa mikosi.

Kabla hatujafika kwenye bidhaa, tunamwomba msomaji afanye zoezi dogo, na ni vizuri zaidi likifanywa na kikundi, kwa mfano wanachama wa chama cha msingi wakisubiri mkutano. Chukueni vikaratasi 20, viandikeni namba kuanzia 1 hadi 20, kisha vitieni ndani ya kofia. Kila namba ni mkulima mmoja. Chota kikaratasi kimoja bila kuangalia, andika namba yake ubaoni, kirudishe, changanya, chota tena. Fanyeni hivyo mara 20, kana kwamba kijiji chenye wakulima 20 kimepata ajali 20 kwa mwaka. Mtu anaweza kudhani kwamba kila mkulima atapata ajali moja. Haitakuwa hivyo. Kwa kawaida wakulima wapatao 7 hawatachotwa hata mara moja, na mmoja au wawili watachotwa mara tatu au zaidi. Hakuna aliyevirogea vikaratasi hivyo. Bahati nasibu tupu hutoa mtu wa mikosi katika karibu kila kijiji, na hutoa pia mtu anayejisifu kwamba hajawahi kuumia kwa sababu ana akili.

Jambo hili limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1919 nchini Uingereza, watafiti Major Greenwood na Hilda Woods (Major ni jina lake, si cheo cha jeshi) walihesabu ajali za wafanyakazi wa viwanda vya silaha, wengi wao wakiwa wanawake walioajiriwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Waliona kwamba watu wachache walibeba ajali nyingi kuliko bahati peke yake ingeweza kueleza. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizoifuata, likazuka wazo kwamba wapo watu walioumbwa kuumia, na waajiri walilipenda kwa sababu liliwaondolea lawama: mashine ni nzima, mfanyakazi ndiye mbovu. Wazo hilo lilikosolewa sana baadaye. Ilionekana kwamba mtu anayehesabiwa ajali nyingi mara nyingi ndiye aliyepewa kazi ngumu zaidi, au zana mbaya zaidi, au saa nyingi zaidi. Kwetu sisi hoja hiyo haihitaji kiwanda. Katika familia yenye vijana watano, anayepanda mti kupogoa au kuangua maembe ni yuleyule kila mara, kwa kuwa ndiye mwepesi. Akianguka mara mbili katika miaka mitano, ndugu zake wanne ambao hawajawahi kukanyaga tawi hawana haki ya kumwita mtu wa mikosi.

Hata hivyo hatusemi kwamba miili ya watu wote ni sawa. Zipo sababu za kimwili zinazomfanya mtu aumie mara kwa mara, na zote zina mahali pa kupelekwa. Macho yaliyopungua nguvu hukosea umbali wa tawi na kina cha shimo. Mtu wa miaka 45 anayejikwaa kila jioni apimwe macho kwanza. Kifafa huangusha watu motoni na majini, na kina dawa hospitalini. Baadhi ya dawa za mafua na mzio huleta usingizi, na maandishi ya kuonya huwa yamechapwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, ile ambayo wengi huitupa bila kuisoma. Halafu upo uraka. Msimu wa mabibo ndio msimu huohuo wa kazi nyingi shambani na wa fedha mkononi, na mtu aliyekunywa uraka mchana kutwa hana budi kurudi nyumbani gizani, pengine akiwa juu ya pikipiki. Hilo linajulikana na kila mtu, nasi hatutaliongezea hotuba.

Sasa tuje kwenye vitu. Tutakaa zaidi kwenye viatu, kwa sababu ndivyo vinavyopuuzwa kuliko vyote na ndivyo vinavyoweza kuokoa uhai wa mtu katika ukanda huu.

Chini ya mikorosho hujikusanya majani makavu, na ndani ya majani hayo hukaa panya, na panapo panya hufika nyoka. Kifutu ndiye wa kuogopwa hasa katika mazingira hayo. Yeye hakimbii anaposikia hatua za mtu. Hutulia, rangi yake ikifanana na majani, mpaka akanyagwe. Nyoka kwa sehemu kubwa huwauma watu mguuni, kuanzia wayo hadi chini kidogo ya goti. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatangaza lengo la kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu unaotokana nayo ifikapo mwaka 2030. Wanaoumwa ni wakulima na watoto wa vijijini, watu ambao buti kwao linahesabiwa kuwa ni anasa.

Unaponunua mabuti ya mpira, usitazame rangi wala mng'ao. Likunje buti kwenye kifundo kwa nguvu, kisha uangalie kama pametokea nyufa nyembamba. Mpira uliokaa juani dukani kwa muda mrefu hupasuka ndani ya msimu mmoja. Bonyeza wayo kwa kidole gumba. Hakikisha shingo ya buti inapanda hadi katikati ya muundi, kwa sababu buti linaloishia kwenye kifundo humwachia nyoka sehemu kubwa ya anachokitafuta. Livae ukiwa na soksi ulizokuja nazo, utembee hatua ishirini. Buti linalobana litaachwa nyumbani wiki ya pili, na buti lililoachwa nyumbani halimkingi mtu. Katambuga zilizoshonwa kwa tairi ni imara na hustahimili miiba, lakini ziko wazi juu. Zinafaa kwa safari, hazifai kuingia kwenye majani. Pamoja na mabuti, fagia chini ya mti kabla ya kuanza kuokota, na usipeleke mkono mahali ambapo jicho halijafika. Kijiti chenye urefu wa mita moja cha kugeuzia majani hakiuzwi popote, na ni bora kuliko glovu nyingi zinazouzwa.

Kuhusu shoka na panga, yako mazoea ambayo tunapenda yaachwe. Kichwa cha shoka kikilegea, watu wengi hulitumbukiza shoka ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi mpini umevimba, kichwa kimekaza, na mwenye shoka huenda shambani akiwa na amani. Kufikia saa sita mchana kuni na jua vimeukausha mpini, nao umerudi katika unene wake wa jana. Kichwa kitachomoka wakati ambapo nguvu ya pigo ni kubwa kuliko zote. Mpini mpya wa mti mgumu, au angalau kabari iliyopigwa vizuri, ndiyo tiba.

Salfa ina habari zake. Inapulizwa dhidi ya ubwiriunga, na kwa kawaida hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado juu ya majani. Vumbi lake ni laini mno. Huwasha macho, huchoma koo, na mtu mwenye pumu anaweza kuzidiwa papo hapo. Leso iliyofungwa usoni hulizuia vumbi kubwa na kuliacha lile dogo, ambalo ndilo lenye madhara zaidi kifuani. Anayeivaa hujiona amekingwa na hukaa ndani ya wingu kwa muda mrefu kuliko asiye na kitu. Tafuta barakoa iliyoandikwa N95 au FFP2, inayobana pembeni mwa pua, pamoja na miwani ya kufunika macho. Salfa hushika moto pia. Usivute sigara karibu na mashine, wala usijaze petroli injini ikiwa ya moto.

Wale wanaobangua korosho nyumbani wanajua kwamba mafuta ya ganda lake hubabua ngozi. Mkorosho na mwembe ni wa jamii moja, na utomvu wa vyote viwili unaweza kuwasha, ila wa ganda la korosho ni mkali kupita kiasi. Wanaokaanga korosho katika bati wakae upande unaotoka upepo, watoto wawe mbali, na mikono ipakwe majivu au ivae glovu za mpira zisizo na tundu. Mafuta yakigusa ngozi, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi.

Kofia ngumu ya pikipiki tutaieleza kwa ufupi, kwa kuwa sheria inajulikana na kisingizio cha kuchafua nywele kinajulikana pia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na hatari ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69 kwa wapandao pikipiki. Lakini faida hiyo ni ya kofia halisi. Geuza kofia uitazame ndani: lazima kuwe na tabaka nene la povu gumu, lile linalopondeka ili fuvu lisipondeke, na mkanda wa kidevu wenye kifungo kinachofunga. Kofia ya mafundi ujenzi ilitengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu, nayo haifai barabarani. Kofia iliyowahi kugonga chini katika ajali imekwisha kazi, hata kama haina ufa, kwa maana povu lake limekwisha pondeka. Kwa sababu hiyo kofia ya mtumba ni bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuijua historia yake, na sisi hatuishauri.

Jeraha likishatokea, makosa ya dakika za kwanza huongeza gharama na wakati mwingine huondoa uhai. Aliyeumwa na nyoka alazwe na atulizwe. Mguu ufungwe kijiti ili usitikisike. Pete na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Kidonda kisichanjwe, kisifyonzwe, wala kamba isikazwe juu yake. Kamba iliyokazwa huibakiza sumu ya kifutu mahali pamoja, na mahali hapo huoza. Jiwe la nyoka linalouzwa gulioni halivuti sumu iliyokwisha kuingia mwilini, na fedha yake ni bora ilipe nauli. Piga simu kabla ya kuondoka, uulize kama hospitali ya wilaya ina dawa ya kuzuia sumu ya nyoka au kama mgonjwa apelekwe moja kwa moja Ndanda au Nyangao, ili asizungushwe. Aliyeanguka kutoka juu ya mti na kulalamika shingo au mgongo asiketishwe, asibebwe kwa mikono na miguu, wala asipakiwe katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Ng'oeni mlango, mlazeni juu yake.

Majeraha madogo yana hatari yao ambayo haionekani. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na katika samadi, na msumari mmoja unatosha kuviingiza mwilini. Hapa wanaume wako nyuma. Mwanamke aliyehudhuria kliniki ya wajawazito huwa amepata chanjo ya pepopunda tena na tena. Mumewe, ambaye ndiye anayeshika shoka, mara nyingi hajachanjwa tangu alipokuwa mtoto, kama alichanjwa. Muulizeni mhudumu wa zahanati kuhusu chanjo hiyo hata kabla ya kuumia.

Limebaki suala la karatasi, ambalo waliolipuuza hulijutia miezi mitatu baadaye. Unaponunua kifaa cha kukukinga, dai risiti na uihifadhi mahali pamoja na kitabu cha chama cha msingi. Kifaa kikiharibika kabla ya wakati au kikikuumiza kwa ubovu wake, usikitupe na usikitengeneze. Kiweke kilivyo, kipige picha, kisha urudi kwa muuzaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya bidhaa zisizo salama na dhidi ya maelezo ya kumpotosha, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Bidhaa inayotiliwa shaka ubora wake inaweza kuripotiwa pia kwa Shirika la Viwango Tanzania.

Ajali ya barabarani inahitaji fomu ya polisi inayojulikana kwa jina la PF3. Mgonjwa aliye mahututi apelekwe hospitali kwanza, na ndugu mmoja aende kituoni kuishughulikia fomu. Bila taarifa ya polisi, madai ya bima huwa magumu mno kuthibitisha. Kumbuka kwamba bima ndogo ya pikipiki huwafidia watu wengine walioumizwa na chombo hicho. Dereva mwenyewe haimo kwa ajili yake, jambo ambalo vijana wengi hulifahamu wakiwa wodini. Anayetaka kujikinga yeye mwenyewe aulizie bima ya ajali binafsi, na kabla ya kutia saini aulize maswali haya kwa sauti na ajibiwe kwa maandishi: Je, inamlinda akiwa juu ya bodaboda? Akiwa juu ya mti? Akiumwa na nyoka? Inasemaje kuhusu pombe? Ana siku ngapi za kutoa taarifa? Wakala anayejibu kwamba kila kitu kimo bila kufungua mkataba anastahili kuaminiwa kidogo. Mgogoro usiposuluhishwa na kampuni, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na wewe uliyeajiriwa, iwe katika ghala la korosho, kiwandani au katika shamba la mtu, una jambo moja zaidi la kuuliza. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake bila kukatwa katika mshahara wako. Mwulize mwajiri kama amejisajili. Ukiumia kazini, mpe taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi, mbele ya shahidi, na ubaki na nakala.